Sueca: lini ukate na turufu, lini uiache

Sueca ni karata za Wareno, watu wanne, wawili kwa wawili, mwenzako anakaa mbele yako. Toa 8, 9 na 10 zote, zinabaki 40, kila mtu 10. Ree (A) ina 11, saba ina 10 na inampiga K, afu K 4, J 3, Q 2, zilizobaki hazina kitu. Jumla ni 120, mkipata 61 mmeshinda, mkifika 91 mnahesabiwa gemu mbili. Kama unayo aina iliyoanzishwa lazima ufuate, kama huna uko huru, kata kwa turufu (aina inayozipiga nyingine zote) au tupa chochote, na hapo penye uhuru ndo watu wanaharibu.

Maana wengi wakiona hawana wanakata tu. Angalia kwanza chini kuna nini na nani anaongoza. Tuseme turufu ni kopa, adui kaanzisha pau ndogo, mwenzako kaweka ree ya pau, adui wa pili kafuata, sasa zamu yako na pau huna. Ukikata hapo umeua turufu bure kabisa, mwenzako keshakula huyo! Mpakie saba ya shupaza, 10 nzima inaingia nyumbani bila jasho. Na kama chini kuna takataka tupu, mara nyingi ni bora utupe na wewe takataka yako, turufu ndogo ina kazi ya kuja kukamata ree ya mtu.

Ukiwa wa mwisho kukata ni rahisi, weka ndogo kabisa inayotosha. Ukiwa wa pili ndo akili inahitajika, kwa sababu adui anayekufuata anaweza kukata juu yako. Hesabu hivi: kila aina ina karata 10, mzunguko wa kwanza zikifuatwa zote zinatoka 4, wa pili zinakuwa 8, wa tatu zimebaki 2 tu kwa hiyo lazima kuna wasionazo. Mzunguko wa kwanza kata na ndogo tu, adui huyo kwa kawaida bado anayo hiyo aina. Wa tatu usiweke ndogo kama chini kuna pointi nyingi, ataikalia. Ndo maana pia ree za pembeni zinachezwa mapema, ukizikumbatia mpaka mzunguko wa tatu zitakatwa.

Mbinu tamu kuliko zote kwangu ni kukata kwa kupokezana. We huna uru, mwenzako hana pau, basi unamwanzishia pau anakata, anakurudishia uru unakata, maadui wanabaki kuangalia. Ila kabla hamjaanza toeni kwanza ree zenu za aina nyingine, kwa sababu wakati nyie mnakatiana maadui wanatupa hizo aina, afu ukija kuleta ree yako ya shupaza mwisho wanaikata. Na mkishaanza msianzishe turufu wenyewe, mnajimalizia silaha.

Kuvuta turufu, yaani kuzianzisha ili ziwatoke maadui, ni pale unaposhika ree ya turufu na turufu nyingine nyingi nyuma yake. Anzisha ree ya kopa, kama adui ana saba peke yake inaanguka, 21 hizo. Zinazotoka zihesabu mpaka 10, na ile aliyoifunua mgawaji kuonyesha turufu wote mmeiona, ni yake, jua bado anayo au keshaitoa.

Kuna moja ya wajanja. Ree ya kopa imeshatoka, unadhani mwenzako ana K, mwenzako kaanzisha pau ambayo we huna na anayekufuata pia hana. Kata na J. Akitaka kula lazima atoe saba, na ikishatoka hiyo, K ya mwenzako ndo bosi. Ifanye chini kukiwa na pointi chache tu, kwa sababu huo mkono anaondoka nao yeye.