Hotuba ya malkia kabla ya vita: jinsi ninavyowanoa wasichana wangu jukwaani

Kila msichana ninayempa nafasi ya malkia huanza kwa kupiga kelele. Ameshaamini kuwa askari huamshwa kwa ukali wa sauti. Basi namkabidhi hotuba ya Elizabeth wa Kwanza, malkia wa Uingereza, aliyoitoa kambini Tilbury, karibu na mto Thames, Agosti 1588. Tunayoitumia imo katika barua ya kasisi Leonel Sharp, iliyochapwa 1654. Aisome kwanza akiwa amekaa.

Kabla ya kutunga yako, jua askari wanaogopa nini. Hispania ilileta meli zipatazo 130 kuivamia Uingereza. Zilikuwa zimeshapigwa vitani karibu na Gravelines, ng'ambo ya bahari, na upepo ukazisukuma kaskazini, lakini Tilbury bado walimtazamia Parma, jemadari wa Hispania, avuke bahari na jeshi lake kutoka Flanders. Usipojua adui yuko wapi, utaandika salamu za harusi.

Anza kwa kuwaamini. Elizabeth anawaita watu wake wapendwa, halafu anawatobolea siri: wamo waliomwonya asijitie katikati ya umati wenye silaha, wasije wakamsaliti. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana Papa alishamtenga na Kanisa tangu 1570, na 1584 William wa Orange, kiongozi wa Waholanzi walioiasi Hispania, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake. Yeye anajibu kwamba wa kuogopa ni madhalimu, si yeye. Askari kashapewa heshima hata kabla hajaombwa kitu. Maneno haya yaseme taratibu, kama unaongea na ndugu zako sebuleni.

Sasa ndipo kwenye kazi. Kila mwanamume pale anawaza kwamba huyu ni mwanamke. Usilikwepe, liseme mwenyewe kabla hawajaanza kunong'onezana. “Najua nina mwili wa mwanamke, dhaifu na mnyonge.” Nyamaza. Hesabu moyoni mpaka tatu, macho yakiwa kwa watu, si sakafuni. Wengi huona haya, wakaikimbilia “lakini” kabla maneno hayajatua, na mtazamaji hapati hata nafasi ya kumhofia malkia. Ukishatulia, endelea: “lakini nina moyo wa mfalme, tena mfalme wa Uingereza.” Sauti ipande hapo, isishuke mpaka umalize kumdharau Parma, Hispania na yeyote atakayethubutu kuvuka mpaka.

Sehemu ya malipo wasichana huniomba waikate, eti haina utamu. Sikubali hata kidogo. Askari ana watoto na madeni. Malkia anasema atakuwa jemadari wao, hakimu wao na mtoa tuzo, na anaahidi kwa neno la mtawala kwamba watalipwa. Mwezi huohuo mabaharia wake walikuwa wakifa kwa maradhi bandarini, ujira wao haujafika, na mkuu wa meli zake zote za vita, Howard, akaandika kulalamika. Kwa hiyo ahadi hii isitoke laini mno mdomoni. Mwigizaji mzuri huisema kama mtu anayejua hazina yake ikoje.

Mwisho toa amri. Elizabeth anamtaja naibu wake, Robert Dudley, bwana wa Leicester, kuwa ndiye wa kutiiwa kwa niaba yake, kisha anawatabiria ushindi. Hotuba nzima haifiki dakika nne. Ukishamaliza geuka uondoke, usisubiri makofi.