Kanuni za heshima katika chama cha kitaaluma: namna ya kuziandika zifanye kazi

"Wanachama waheshimiane." Utalikuta agizo hilo katika katiba nyingi za vyama, na siku ya shauri halisaidii, maana kila mmoja ataapa kuwa aliheshimu. Andikeni matendo yanayoonekana au kusikika: kumkatiza aliyepewa nafasi ya kusema, kumwita mtu kwa kilema chake, kumgusa asipotaka, kuendelea kumtumia ujumbe wa mapenzi aliyekwisha kukataa, kuponda kazi ya mwenzako mbele ya mteja wake. Vipengele 8 hadi 10 vinatosha.

Utani upewe kipengele chake. Watani wa kweli wanajuana, na anayetaniwa ana ruhusa ya kurudisha. Mzaha wa "ombaomba" anaotupiwa Mgogo ukumbini na mtu asiye mtani wake ni dharau tu. Kanuni iseme wazi: mlengwa akisema basi, ni basi, na "nilikuwa natania" si utetezi.

Dodoma ina mtego mwingine. Tangu Serikali ihamie huku, mtumishi na mkurugenzi wake hutoka ofisi moja ya Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, wakakutana tena jioni kwenye kikao cha chama. Shikamoo ibaki, cheo kiachwe mlangoni. Mwenyekiti aanze na wachanga kazini, dakika 3 kila mmoja, wakubwa wafuate. Mkurugenzi akitangulia kusema, usitegemee ofisa wake ampinge.

Wapokea malalamiko wawe wawili, mwanamke na mwanamume, mmoja wao akiwa nje ya kamati tendaji. Mkimwachia katibu peke yake, siku atakapolalamikiwa yeye barua itaishia kwenye droo yake. Lalamiko liwe na tarehe, mahali, mashahidi na maneno yenyewe yalivyotamkwa, hata yakiwa matusi. "Alinitukana" pekee haipimiki. Mlalamikiwa apewe nakala na siku 7 za kujibu, uamuzi utoke ndani ya siku 30. Haki ya kusikilizwa imo katika Ibara ya 13(6) ya Katiba ya Tanzania ya 1977, kwa hiyo msimwadhibu mtu kabla hajajieleza.

Kosa tunaloliona sana ni kuwaketisha mlalamikaji na mlalamikiwa "wayamalize kindugu". Kwa maneno makali ya kikaoni, sawa. Kwa unyanyasaji wa kingono, hapana: aliyeumizwa ndiye atakayebanwa asamehe. Hilo ni kosa la jinai, na akitaka kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, chama kimsindikize.

Shauri lisiingie kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa fumbo. Majina ya wahusika yakishasambaa hayarudi.

Adhabu zipande kwa ngazi: onyo la mdomo, onyo la maandishi, kusimamishwa hadi miezi 6, kufutwa uanachama. Leseni ya taaluma iacheni kwa bodi iliyoitoa. Kanuni zipitishwe na mkutano mkuu, zianze kutumika kuanzia siku hiyo. Ugomvi wa mwaka jana msiufufue kwazo.