Kuidhibiti panya nyumbani ili kujikinga na homa ya mgunda na tauni: mwongozo kwa wakazi wa Tanga

Mtu akiona kinyesi cha panya jikoni, jambo la kwanza linalomjia ni kwenda dukani kununua sumu. Mwongozo huu unapendekeza utaratibu ulio kinyume na huo: chakula kifungwe kwanza, matundu yazibwe, mitego itegwe, uchafu wa panya uondolewe kwa njia salama, na sumu iachwe hadi mwisho, pale tu ambapo hayo mengine hayakutosha. Panya jike hubeba mimba kwa muda wa wiki 3 hivi na kuzaa watoto kadhaa kwa mpigo, kwa hiyo nyumba yenye chakula cha wazi na njia za kuingilia itajaa panya wapya muda mfupi baada ya wale wa kwanza kufa.

Mkoani kwetu madhara ya panya yanajulikana. Katika wilaya ya Lushoto tauni iliibuka mwaka 1980, ikaendelea kurudi kwa zaidi ya miaka 20 na kuwapata watu zaidi ya 7,000. Ugonjwa huo huenezwa na viroboto: kiroboto humnyonya panya mgonjwa, na panya huyo anapokufa na mwili wake kupoa, kiroboto humwacha na kutafuta damu nyingine, ambayo yaweza kuwa ya mtoto aliyelala kwenye mkeka. Homa ya mgunda hupita njia tofauti, kwa kuwa bakteria wake hutoka katika mkojo wa panya na wa wanyama wengine, wakiwamo ng'ombe, nguruwe na mbwa, kisha huishi katika maji na udongo wenye unyevu hata kwa wiki kadhaa, wakisubiri mchubuko wa ngozi, jicho au kinywa. Mwezi Julai mwaka 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu 20 waliugua homa hiyo na 3 wakafariki. Baadhi yao walitokwa damu puani, na vipimo vya Ebola na Marburg vilifanyika kabla ya ugonjwa wenyewe kutambuliwa. Kwa sisi tunaokaa tambarare, ambako mvua za masika huacha maji yamesimama uani na mitaroni, hii ndiyo homa inayostahili kutuhangaisha zaidi.

Anza basi na chakula, na anza usiku, maana panya hufanya kazi yake watu wakiwa wamelala. Mbuzi ya kukunia nazi isilazwe bila kuoshwa, na machicha yasimwagwe nyuma ya jiko kwa kisingizio kwamba kuku watayala asubuhi, kwa sababu kuku hawatayakuta. Kawa la ukindu huzuia nzi, lakini panya hulisukuma au kulitafuna. Kiporo kiwekwe ndani ya sufuria yenye mfuniko mzito au kabatini. Mahindi, mchele, unga na makopa vihifadhiwe katika pipa au debe la bati lenye mfuniko unaobana, kwani magunia, hata yale ya kisasa ya kuzuia wadudu, hayamzuii panya. Gunia lisilo na chombo cha kuingia liwekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, ili mtu aweze kuona na kufagia pande zote. Nafaka isihifadhiwe darini juu ya vyumba vya kulala wala chini ya kitanda, kwa kuwa hapo panya na viroboto wake hukaribishwa karibu kabisa na mwili wa mtu. Pumba za kuku zifunikwe jioni, na vivyo hivyo mapipa na ndoo za maji ya kunywa, maana panya huhitaji maji na huyakojolea anapoyanywa. Chupa ya soda iliyotoka stoo ioshwe mdomo kabla ya kunywewa.

Baada ya chakula, yatafute matundu. Panya mdogo hupita katika upenyo wa unene wa kalamu ya risasi, na panya wa darini huhitaji nafasi isiyozidi sana sentimeta 1. Zunguka nyumba nzima mchana, ukiangalia chini ya milango, mahali mabomba yanapoingilia, pembe za msingi, na hasa pale ambapo kiambaza kinakutana na paa. Matundu ya ukutani yajazwe saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa. Nafasi za mabomba zishindiliwe waya wa kusugulia masufuria kisha zifunikwe kwa saruji. Na madirisha ya stoo yawekwe wavu wa chuma wenye matundu madogo, kwa sababu wavu wa kawaida wa banda la kuku hupitisha panya bila shida. Mlango wa mbao uliokwisha kuliwa chini upigiliwe ukanda wa bati.

Nyumba za udongo na boriti zilizoezekwa makuti ni ngumu zaidi, na si haki kumwambia mwenye nyumba hiyo kwamba ataziba kila kitu. Kwake juhudi kubwa iwe katika kufunga chakula, kukandika nyufa kila zinapotokea, na kukata matawi ya mwembe au mkorosho yanayogusa paa. Mnazi ulio karibu na nyumba uzungushiwe bati laini, pana kama sentimeta 30 au zaidi, kwa urefu wa takriban mita 2 kutoka ardhini. Panya hawezi kulipanda, na nazi changa nazo hunusurika, ilimradi makuti ya mnazi huo hayagusani na mti mwingine.

Mitego itegwe kando ya kuta, upande wa chambo ukielekea ukutani, kwa kuwa panya hutembea akigusa ukuta. Chambo kizuri ni kipande cha nazi iliyobanikwa au dagaa, kilichofungwa kwa uzi ili kisinyakuliwe. Panya wa darini huogopa kitu kigeni, hivyo uache mtego na chambo chake kwa siku kadhaa bila kuukaza, na atakapokuwa amezoea kula hapo, ukaze mitego mingi kwa usiku mmoja. Paka husaidia, lakini asitegemewe peke yake; tena katika maeneo yenye tauni paka naye huugua na kuweza kumwambukiza mtu.

Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu, na watoto wasitumwe kumtupa jalalani. Vaa glavu au mifuko miwili ya plastiki mkononi, mnyunyizie maji yenye jiki, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, mtie ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge, kisha mzike kwenye shimo refu mbali na kisima. Kinyesi na mkojo visifagiliwe vikiwa vikavu, kwani vumbi lake huvutwa na pumzi: fungua milango na madirisha kwa nusu saa, lowesha mahali hapo kwa mchanganyiko huo huo, subiri dakika 5, ndipo ufute kwa kitambaa na kunawa mikono kwa sabuni. Jiki isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya choo, kwa kuwa hutoa gesi yenye sumu.

Ukilazimika kutumia sumu, nunua iliyo katika pakiti yenye lebo kwenye duka la pembejeo, na uiepuke ile isiyo na jina inayotembezwa mitaani, ambayo mtoto anaweza kuidhani pipi au unga. Iweke ndani ya kasha lenye tundu la panya pekee, mahali ambapo kuku na watoto hawafiki. Ukiona panya wanakufa ovyo bila ya kutegwa, usiongeze sumu: toa taarifa kwa afisa afya wa kata, kwani huenda ni tauni, na viroboto ndio wanaopaswa kuuawa kwanza.

Wakati wa masika vaa viatu vya mpira unapozibua mtaro au kulima bondeni, na funika kila kidonda. Mtu akipata homa kali, kichwa, maumivu ya misuli hasa ya vigimbi vya miguu, macho mekundu au ya manjano, au mtoki uliovimba ghafla kwa uchungu, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, na asikubali kurudi nyumbani kwa sababu tu kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Amweleze daktari waziwazi kwamba nyumbani kuna panya au kwamba amekanyaga maji ya mafuriko, kwa maana magonjwa yote mawili hutibika kwa dawa za kuua bakteria zikianza mapema, na bila maelezo hayo daktari anaweza asiyafikirie kabisa.