Lalamiko la bando: usianzie UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda
Bando likiisha kabla ya wakati, anza na kampuni yako ya simu. Usikate simu kabla hujapewa namba ya lalamiko. Bila hiyo, UCC kwa kawaida watakurudisha huko huko. Ukifika kwao mtandaoni, andika namba ya laini, tarehe, saa, kiasi kwa shilingi na unachodai hasa: "nirudishiwe salio", siyo "nimeonewa". Ambatisha picha ya skrini ya ujumbe wa ununuzi, saa ionekane. Watu wengi huikata juu, ushahidi ukapotea.

Pesa za simu ni shauri jingine: ukishindwana na kampuni, nenda Benki Kuu ya Uganda, inayosimamia malipo hayo kwa sheria ya 2020. Bidhaa mbovu, nenda UNBS, shirika la viwango la Uganda.