Kifusi cha zege usikitupe, ila kiloweshe kwanza kabla hujachanganya

Kama unavunja jamvi la zamani (sakafu ya zege), ngazi, sijui karo, usikimbilie kuita kirikuu ije kuzoa kifusi, maana utalipa kirikuu kutoa mawe halafu wiki inayofuata unalipa Fuso ikuletee mawe mengine. Zege la zamani ni kokoto zilizoshikana tu, ukilivunja vizuri linarudi kazini. Mimi nimefanya hivi kwangu, mara ya kwanza nikaharibu, nitasema hapo chini nilikosea wapi.

Kitu cha kwanza ni kuchambua, na hii kazi usimwachie saidia fundi peke yake, kaa nae. Zege weka upande wake, tofali za bloku na lipu upande mwingine, maana hizo ni laini, kwenye zege jipya hazifai. Mbao, nailoni, vioo na udongo toa vyote. Jipsamu ya dari ndo adui mkubwa, ikibaki kwenye kokoto inakuja kugombana na saruji mpya, zege linavimba na kupasuka taratibu wakati wewe ushahamia. Na kama nyumba ni ya zamani ina mabati ya asbesto, hayo usiyavunje wala usiyaguse na nyundo, vumbi lake linaua mapafu, tafuta watu wanaojua kuyatoa.

Ukigonga vipande viwili vya zege vikalia kama jiwe, safi. Vikilia kama tofali bichi au ukikwaruza na msumari unga unatoka, hilo liende kwenye kujaza tu.

Sasa matumizi. Rahisi kuliko yote ni mawe ya chini ya jamvi. Vunja kwa nyundo kubwa mpaka saizi ya ngumi, mwaga maji kidogo kwanza vumbi lisipande na vaa miwani na barakoa (vumbi la zege lina silika, yaani chembe ndogo za mawe zinazoharibu mapafu, usilichukulie poa), panga unene wa kama sentimita 15, shindilia, juu yake moramu au mchanga kuziba mianya, shindilia tena. Hapa hata tofali za bloku zinaruhusiwa. Kama huna muda, ishia hapa, umeshaokoa hela.

Ukitaka kwenda mbele utengeneze kokoto, gonga mpaka zifike robo tatu ya inchi, yaani kama milimita 20, halafu pitisha kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 5 hivi. Kinachopita chini, ule unga na vichenga, usichanganye kwenye zege kabisa, unakunywa maji kama ngamia. Jazia njia ya kupita au uani.

Na maji ndo niliponoa mimi. Tulimwaga kokoto za kifusi kavu kwenye mchanganyiko kama tunavyofanya na kokoto mpya za machimbo ya Lugoba, baada ya dakika chache zege limekaza kama ugali wa jana, fundi akaongeza ndoo ya maji, likakaza tena, akaongeza tena, na lilipokauka sehemu moja imejaa nyufa nyembamba na nyingine ukipitisha kiatu inatoa unga. Sababu ni kwamba kokoto ya kifusi imebeba saruji ya zamani mgongoni, ile saruji ina vitundu na inafyonza maji ya kuchanganyia.

Pima mwenyewe: chukua kilo 5 za kokoto kavu, loweka usiku kucha, asubuhi zifute kwa tambara zisichuruzike, pima tena. Ikisoma kilo 5 na gramu 250 maana yake zimekunywa asilimia 5, hiyo ni kawaida. Zikifika kilo 5 na nusu mimi nazirudisha kwenye mawe ya jamvi. Kwa hiyo siku moja kabla ya kumwaga, zimwagilie rundo zima lilowe, lifunike na turubai, asubuhi zitumie zikiwa na unyevu ila hazichuruziki.

Kipimo changu kwa zege la njia, mtaro au zege jembamba la chini ya msingi: ndoo 1 ya saruji, 3 za mchanga, 6 za kokoto, na katika kila ndoo 4 za kokoto, moja tu ndo ya kifusi. Maji weka kidogokidogo, fundi akitaka zege la kuteleza kama uji mkatalie. Ukishamwaga, mwagilia siku 7 bila kuruka.

Nguzo, bimu, linta na slabu ya ghorofa hapana, usijaribu kwa kichwa chako. Nchi za wenzetu wanafanya ila kokoto zimepimwa maabara na injinia amesaini. Na kifusi cha nyumba ya ufukweni kikae mbali na nondo hata iwe kazi ndogo, kama lile zege lilichanganywa na mchanga wa bahari chumvi bado imo na nondo italiwa na kutu.

Nondo ulizochomoa kwenye zege la zamani usizinyooshe kwa nyundo uzirudishe kazini, peleka kwa wa chuma chakavu, hela yake inalipa vijana wa kugonga.