Somo: Modeli ya magari yanayofuatana (IDM), hatua kwa hatua

Wakuu, IDM (Intelligent Driver Model) ni kanuni ya kuigiza kwenye kompyuta jinsi kila gari linavyolifuata la mbele. Swali la "mbona magari yangu yanagongana?" nimelijibu mara nyingi mno. Naliweka hapa moja kwa moja.

1. Panga magari 22 kwenye duara la mita 230, kama jaribio la Japani lililochapishwa 2008, ambapo magari halisi yalizunguka duara na foleni ikatokea yenyewe.

2. Kila gari lina mahali na kasi v (mita kwa sekunde, si km/h).

3. Kanuni ya Treiber, Hennecke na Helbing ya mwaka 2000:
mchapuko = a[1 − (v/v0)^4 − (s*/s)^2]
s* = s0 + vT + v·Δv / (2√(ab))
Anza na v0 = 33.3 (kasi unayoitaka barabara ikiwa tupu), T = 1.5 (sekunde unazoacha nyuma ya aliye mbele), s0 = 2 (nafasi mkisimama), a = 1 (mchapuko wa juu kabisa), b = 1.5 (breki ya kawaida).

4. Δv ni kasi YAKO kutoa ya aliye mbele. Mimi niligeuza, nikapoteza wiki nzima: magari yalikanyaga mafuta yakiukaribia mkia wa foleni. Kosa hili linajificha, kwa sababu s* ikiwa hasi, kipeo cha pili kinaifanya chanya na namba zinaonekana za kawaida. Kabla ya magari 22, jaribu mawili: la mbele limesimama, lako lina 20 m/s, nafasi mita 150. Jibu sahihi ni karibu −0.8. Ukipata +0.1, umegeuza. Usiendelee mpaka hapa pakae sawa.

5. s ni bampa hadi bampa. Toa urefu wa gari.

6. Kokotoa michapuko yote kwanza, ndipo usogeze magari, kila sekunde 0.1. Kasi isishuke chini ya sifuri.

Maswali

— Haifanyi kazi, msaada.
Jaribio la hatua ya 4 limekupa ngapi?

— Sijalifanya.
Lifanye kwanza.

— s0 ni nini?
Hatua ya 3, kwenye mabano.

— Mkuu, yangu yanatambaa karibu 10 km/h, Wajapani walikwenda 30. Na foleni haitokei.
Swali zuri sana. 230/22 ni mita 10.45, toa gari la 4.5, toa s0, zinabaki kama 4. Gawa kwa 1.5: 2.6 m/s, ndiyo hiyo 10 yako. Kufika 30 km/h, T ishuke hadi karibu 0.5, walibanana kweli. Halafu sogeza gari moja nusu mita, maana yakiwa sawasawa kabisa hakuna kitakachoanzisha wimbi. Ukipunguza a, wimbi huja upesi zaidi. Litazame linavyorudi nyuma huku magari yakienda mbele.

— T ndiyo ile kanuni ya sekunde mbili ya darasa la udereva?
Wazo ni hilohilo. Ukiwa abiria siti ya mbele, pima: anza kuhesabu bampa la nyuma la gari la mbele likipita nguzo, simamisha bampa lenu likifika pale.

— Nimepima leo kwenye basi. 0.9.
Kasi ilikuwa ngapi? Ukiwa na vipimo zaidi, viweke hapa.