Kukimbia baada ya miaka 50: anza na vigimbi

Nafundisha wakimbiaji wa rika la utu uzima hapa Moshi, na wengi wanaokuja kwangu hulalamika jambo moja: pumzi ipo, miguu haitaki. Ndivyo mwili ulivyo. Moyo na mapafu ya mtu aliyezoea mazoezi hupungua taratibu, lakini misuli, hasa ile ya kasi, inazidi kusinyaa mwaka hadi mwaka, na kano hukakamaa na kuchelewa kupona. Anayerudi barabarani na ratiba yake ya ujanani huishia kuchechemea. Kwa hiyo kwanza tunajenga miguu, kasi itafuata.

Hatua ya 1: Pima afya

Pima presha na sukari. Kama kwenu kuna historia ya maradhi ya moyo, mwombe daktari akupime moyo kabla ya mazoezi magumu. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi ikikukatika isivyo kawaida, simama hapo hapo na uende hospitali. Usimalizie raundi.

Hatua ya 2: Jenga vigimbi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi na wanafunzi wangu. Kigimbi ndicho kinachokusukuma mbele kila unapokanyaga. Kikichoka, mzigo huangukia kano ya kisigino.

Simama kwenye ngazi, nusu ya mbele ya nyayo ikiwa juu ya ngazi, visigino vikining'inia. Gusa ukuta kwa vidole tu, usiuegemee. Inuka kwa miguu yote miwili hadi juu kabisa, hamishia uzito kwenye mguu mmoja, kisha shuka polepole ukihesabu moja hadi tatu, mpaka kisigino kipite chini ya usawa wa ngazi. Fanya mara 15, pumzika, rudia hadi seti 3 kwa kila mguu.

Ukimaliza, fanya tena goti likiwa limekunjwa kidogo. Kigimbi kina misuli miwili mikubwa, na ule wa ndani hubeba kazi zaidi goti likikunjwa. Watu wazima wengi huiruka sehemu hii, wakati msuli huo ndio unaowasumbua sana kwenye mbio ndefu.

Mguu kutetemeka mwishoni mwa seti si tatizo. Maumivu makali ya kuchoma ni tatizo, acha. Mara 15 zikiwa nyepesi, vaa mkoba mgongoni na uongeze uzito kidogo kidogo. Siku 3 kwa wiki zinatosha, zisifuatane.

Siku hizo hizo ongeza kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika popote, halafu kushuka ngazi taratibu kwa mguu mmoja mmoja. Anayejiandaa kwa Kilimanjaro Marathon asidharau zoezi hili la kushuka. Kupanda kuelekea Mweka kunachosha pumzi, lakini ni mteremko wa kurudi mjini unaochosha mapaja, kwa sababu msuli unafanya kazi huku ukivutwa.

Hatua ya 3: Panga wiki

Kimbia siku 3 au 4. Karibu zote ziwe za mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima. Ed Whitlock wa Canada alimaliza maratoni kwa saa 2:54:48 mwaka 2004 akiwa na miaka 73, na sehemu kubwa ya mazoezi yake ilikuwa mbio ndefu za polepole, akizunguka makaburini karibu na kwake.

Lakini kasi usiiache kabisa, maana msuli usiotumika hupotea. Siku moja kwa wiki, ukishapasha mwili joto vizuri, kimbia kwa wepesi sekunde 20 kwenye majani ya uwanja, tembea hadi pumzi irudi, rudia mara 6. Baada ya siku hiyo jipe siku mbili kabla ya kazi ngumu nyingine. Kijana anaweza kuhitaji moja tu.

Hatua ya 4: Kula protini kila mlo

Msuli wa mtu mzima unahitaji protini nyingi zaidi kwa mlo mmoja kuliko wa kijana ili ujijenge. Lenga gramu 25 hadi 30. Ugali na mchicha peke yake havifiki. Weka dagaa, maharage, mayai, samaki au maziwa mgando. Asubuhi ndipo wengi tunapokosea: chai na maandazi, basi. Mwenye ugonjwa wa figo azungumze na daktari kwanza.

Kiu nayo hufifia kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo kunywa maji kabla hujaisikia.

Hatua ya 5: Sikiliza kisigino asubuhi

Hatua za kwanza ukitoka kitandani zinakuambia mengi. Ukakamavu unaoisha baada ya dakika chache, na usiozidi wa jana, unakuruhusu kukimbia polepole. Ukiwa umezidi wa jana, tembea siku hiyo. Ukizidi siku 3 mfululizo, punguza umbali kwa nusu na uache siku ya kasi, lakini endelea na zoezi la ngazi kwa miguu yote miwili, bila mkoba. Ukiona uvimbe, au ukishindwa kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja, muone mtaalamu wa fiziotherapia wiki hiyo hiyo.